Mfupa wa Koo wa Mdogo Wangu Tamotsu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla kifua changu hakijapasuka, maana tangu nitoke kwenye nyumba ya kuchomea maiti sina usingizi, chai nainywa haina ladha, na hata sala zangu za asubuhi nazianza na kuzisahau katikati.

Mimi ni mama wa makamo, shule sikwenda mbali, lakini hekaluni sikosi. Mdogo wangu wa kiume, Tamotsu, aliingia kwenye genge la Yakuza akiwa kijana, baba yetu akafa bila kulitamka jina lake tena, na mimi nikawa namwomba Buddha kila siku amtoe huko, na kweli akatoka, akafungua kibanda cha sushi hapa Osaka, na cha ajabu alitoka na vidole vyake vyote kumi, wakati kila mtu anajua anayetaka kuondoka huko humwachia bosi kidole kidogo, nami nikatamba kwa akina mama wenzangu hekaluni, "Jamani, sala hizo! Sala!" Basi mwezi uliopita ini likamuua.

Kuokota mifupa baada ya maiti kuchomwa ni kazi ya watu wawili, unajua, kila mmoja na vijiti vyake, mnaushika mfupa mmoja pamoja na kuutia mtungini, lakini mume wangu Noriaki aligoma kuja, akasema, "Jambazi hata akiwa majivu ni jambazi," na ndugu wengine wote wakapata mafua siku hiyo hiyo, nikajikuta peke yangu mbele ya mifupa ya mdogo wangu, na mfanyakazi wa pale naye katoka kufuata mtungi mdogo wa mfupa wa koo. Nikamwona mwanaume kasimama ukutani, suti nyeusi, glavu nyeupe, nikadhani ni mfanyakazi mwingine, nikamfokea, "We kaka, mbona umesimama kama nguzo? Chukua vijiti unisaidie!"

Akaja, akainama. Tukaanza na miguu kama ilivyo desturi, na tulipofika kwenye mfupa mmoja wa mguu akasema, "Taratibu na huu, dada. Aliuvunja akinikimbiza na kandambili kwenye ngazi. Baridi ikija ulikuwa unamsumbua." Mfanyakazi wa tanuri anajuaje mguu wa mdogo wangu? Ndipo nikauona mkono wake wa kushoto, aliokuwa ameukinga chini ya vijiti, na kile kidole kidogo cha glavu kimelala, hakina kitu ndani.

"Wewe nani?"

"Kajiwara. Mimi si wa hapa, dada. Umeniita, nikaja."

"Mmekuja kumfuata mpaka kwenye majivu?"

"Nimekuja peke yangu. Bosi alitaka kidole cha Tamotsu. Nikamwambia, huyu anataka kukanda sushi, atashikaje wali? Chukua changu, na mimi nibaki gengeni mpaka nife. Akakubali."

"Kwa nini ufanye hivyo?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nilikuwa nampenda, dada. Naye alinipenda. Kila Jumatatu kibanda kikiwa kimefungwa nilipita mlango wa nyuma, ananikandia sushi, ananiambia, 'Kula, mzee wa vidole tisa, usije ukasema nakunyanyasa.'" Akacheka, halafu akauinamia mfupa uliofuata.

Mshauri! Sala zangu zote zile, kumbe kidole cha mtu! Na mdogo wangu niliyemtafutia wachumba watatu, kumbe alikuwa na mwenzake!

Mfupa wa mwisho, ule wa koo ulio kama Buddha aliyeketi, huokotwa na aliye karibu zaidi na marehemu. Tuliuokota wote wawili. Sasa umo kwenye mtungi mdogo, na nimeshaahidi kuupeleka hekalu kuu la Kyoto siku ya arobaini na tisa tangu afe, roho inapomaliza safari yake, yaani Jumapili hii. Kajiwara ameniomba huo tu. Noriaki anasema, "Ukimpa jambazi mfupa, na wewe mfuate huko huko." Nikimnyima nakiona kile kidole. Nikimpa naogopa nitakuwa nimemdhulumu Buddha, na roho ya mdogo wangu ipotee njia. Nifanyeje?

Dada wa Marehemu, Osaka

Dada wa Marehemu,

Pole sana. Nimezoea barua za waume walevi na mama wakwe wenye midomo, lakini yako ilinifanya niweke kikombe chini. Majina yote nimeyabadilisha na mambo mengine nimeyaficha, maana wewe mama ulimwaga hata mtaa wa kibanda!

Sasa nikugombeze. Wachumba watatu, na hukumuuliza hata mara moja kwa nini anawakataa? Umeshtuka, una haki, hakuna aliyekuandaa. Lakini mshtuko ni wa kupita, usihamie humo. Uliomba mdogo wako atolewe, akatolewa. Ulidhani Buddha angeshuka mwenyewe kujadiliana na bosi? Alimtuma Kajiwara.

Noriaki hakuja kuokota, basi hana kauli juu ya kilichookotwa. Mwambie hivyo kwa upole, ukiwa umempakulia chakula, kisha usibishane.

Roho haipotei njia kwa kupelekwa kwa anayeipenda. Jumapili chukua kipande kingine kutoka mtungi mkubwa wenye mifupa iliyobaki, ukipeleke Kyoto. Kitapokelewa na ahadi yako itakuwa imetimia. Huo wa koo ni wa Kajiwara. Nenda pale mlipomchomea uombe cheti cha kugawa mifupa, kwa sababu bila hicho hakuna kaburi litakaloupokea, na Kajiwara naye kuna siku atakufa. Akiwa nacho, watalala pamoja.

Usimwite hekaluni, na si kwa aibu yako. Wenzake wa genge wakijua kilichomfanya ajitoe vile, hawataishia kwenye kidole. Kwa hiyo na kule kutamba kwako kwa akina mama kuishe leo.

Jumatatu mwambie apite kibandani, nawe umfungulie mlango wa nyuma. Usimkabidhi mtungi mlangoni kama anayerudisha sahani ya jirani. Mkalishe pale alipozoea kukaa, upike wali, mle wote, ndipo umpe kwa mikono miwili.

Na safari hii, mama, usimwite "we kaka". Mwite shemeji.