Hatua za Kunguru

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
12 Julai 1992

Baba Doreen,

Pokea salamu zetu. Tu wazima, ila baridi na ukungu vinatutesa. Kunguru wa sokoni nimewapima ulivyoagiza: namwendea mmoja polepole, akiruka nahesabu hatua zilizobaki kumfikia. Kumi na nne. Watu wananicheka, eti mke wa msomi kachanganyikiwa.

Baba yako amedhoofika. Meshaki aliyekuwa akimhudumia kahamia Mbeya kuuza mitumba. Mimi ni mkamwana, mila unaijua: nisionane naye, nisiseme naye. Naweka chakula mlangoni, nakohoa, natimua mbio kama hao kunguru wako. Njoo, tafadhali.

Mkeo,
Mama Doreen


Morogoro
3 Septemba 1992

Mama Doreen mpenzi,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo, masomo tu yananibana. Kumi na nne, safi sana! Nataka kujua kama woga wao hubadilika kwa majira, kwa hiyo pima tena mvua zikianza. Nikikosa hesabu hizo, mwaka wangu umepotea. Mwambie baba nitakuja Krismasi.

Wako,
Baba Doreen


Tukuyu
8 Novemba 1992

Baba Doreen,

Salamu. Nimwambie kwa mdomo gani?

Mvua zimeanza, kunguru wana makinda kwenye mkaratusi wa sokoni. Hatua nne! Mmoja hakuruka kabisa, alinifokea tu.

Leo sahani ya baba nimeikuta haijaguswa. Ndani kimya. Nimeizunguka nyumba mara tatu, nimeita majirani, wote wako shambani. Njoo, jamani!

Mama Doreen


Tukuyu
11 Novemba 1992

Baba Doreen,

Sikungoja jibu lako. Siku ileile niliingia.

Alikuwa sakafuni, nyonga imeumia, midomo imekauka. Nilijifunika khanga usoni, lakini mtu mzima humwinui ukiwa huoni, nikaitupa. Miaka sita naishi hapa, hajawahi kuniona. Akanitazama weee, akasema, "Kumbe Doreen sura kaitoa kwako." Nililia kama mtoto.

Wazee wa ukoo wenu kule Ibighi wamenuna kwamba nimevunja mila. Wanune! Uji namnywesha mwenyewe.

Andika kwenye daftari lako: Novemba, kutoka mlangoni hadi alipolala, hatua tano, na sikukimbia.

Kila gari likisimama barabarani ananiuliza kama ni wewe. Namjibu, "Bado, baba."

Mama Doreen