Pesa za Miguu ya Barnabas

Jumanne, 4 Novemba 2025

Kaka yangu Barnabas amempiga Inderpal. Mhudumu wa watu, alikuwa anamfunga viatu tu. Ngumi ya mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu baada ya kiharusi. Jino limelegea. Cheryl, meneja wa ile nyumba ya Erdington anakotunzwa, amenipigia simu nikiwa zamu hospitalini. Mbona kaka yangu hajapata teksi ya kwenda kanisani Jumapili tatu?

Nikasema benki imechelewa. Mwongo mimi.

Ukweli ni huu. Posho yake ya kutofanya kazi inakatwa na kaunsili ya mji kulipia hiyo nyumba, anaachiwa pauni thelathini na ushee kwa wiki. Pesa za ulemavu, zile za matunzo, zilisimamishwa alipomaliza wiki nne humo. Zimebaki za usafiri tu, mia tatu na kitu kila wiki nne. Hizo haziguswi na mtu. Ndizo miguu yake. Zinaingia akaunti yangu kwa sababu ni mimi niliyemsainia fomu za kumsimamia.

Nami nimezituma nyumbani Nyamira, kwa mazishi ya baba mdogo Ondieki.

Alhamisi, 6 Novemba

Mwezi uliopita orodha ya mchango ilizunguka WhatsApp wiki nzima, na namba moja ilikuwa tupu — nafasi ya kifungua mimba. Watu wangesemaje? Nikaandika: Barnabas, 300. Nikajiona nimempa heshima. Kumuuliza sikumuuliza.

Nimeomba zamu mbili za ziada. Nitarudisha.

Jumapili, 9 Novemba

Ameiona orodha. Binamu aliituma tena kwenye grupu na shukrani ndefu. Nilimkuta ameshika kikombe cha chai, hanywi. Maneno yanamtoka kwa shida siku hizi, lakini haya yalitoka.

"Hiyo ni taxi yangu, Kwamboka. Nani alikutuma?"

Nikamwambia, wewe ndiye mkubwa wetu, jina lako lingekosaje?

"Kwa Ondieki? Si ndiye alinivunja mkono na mpini wa jembe?"

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba na nilisikia mfupa. Nimeishi miaka arobaini kama mtu ambaye hakusikia.

Akanimwagia chai. Shingoni, kifuani, ya moto. Ningependa kuandika kwamba mkono wangu ulikwenda wenyewe. Haukwenda wenyewe, niliupeleka. Kofi, la pili, la tatu. Halafu nikakisukuma kiti cha magurudumu kwa mguu, kikapinduka naye ndani. Kichwa kikagonga radieta ya kupashia chumba joto. Damu ikashuka nyuma ya sikio mpaka kwenye kola ya shati nililomnunulia mimi.

Akiwa chini ananitazama, akasema: "Sasa umefanana na yeye."

Nilitaka kumpiga tena. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Inderpal akaja mbio. Nikamwambia kiti kimeteleza. Akatazama shingo yangu, akatazama sakafu, akaandika kimeteleza.

Jumatatu, 10 Novemba

Malengelenge. Nimefunga skafu. Nimeosha wagonjwa sita leo, kwa upole, na mmoja ameniita malaika.

Jumatano, 12 Novemba

Saa nane mchana, naandikia kwenye kiti cha korido, nje ya chumba cha Barnabas. Cheryl ameniita bila kusema kwa nini. Yuko ndani na Barnabas, na mama mmoja wa kaunsili, Vandana, mwenye faili. Wanataka jina langu litolewe kwenye pesa zake. Walitoe, nimewaambia nitasaini sasa hivi. Cheryl akasema kuna pia jambo la jeraha, ningoje hapa. Likiandikwa kwamba ni mimi, unesi wangu umekwisha, na ni miaka kumi na tisa.

Mlango haukufunga vizuri. Vandana anamuuliza kama angependa mkalimani. Hataki. Anamuuliza, basi nani alikufanyia hivi?

Nimesimamisha kalamu nisikilize. Barnabas, kaka yangu, wewe unajua nina watoto.

Anasema. Kwa Kiingereza, neno moja moja, ili aandikwe sawasawa. Amelitaja jina langu lote, mpaka la baba yetu. Vandana amemwomba alitaje tena, herufi kwa herufi, na yeye anazitaja bila haraka, hajakosea hata moja, na sasa amefika kwenye jina la baba, nami naziandika hapa pamoja naye, mpaka ya mwisho.