Sekunde Tano Kabla ya Simu Kuita

Bariadi, Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri

Wingu limetanda tangu saa sita mchana, na upande wa Mwanhuzi, kuliko na kijiji chetu, kumekuwa kweusi kabisa. Mtaa mzima unafurahi. Muuza mbegu wa mlango wa pili ametoa kiti nje na kukaa kulitazama kama anaangalia mpira. Mimi nimekulia kwenye shamba la pamba na sijawahi kuomba mvua isije. Leo naomba.

Jumatano asubuhi mama yangu alikuta karatasi imechomekwa mlangoni kwake kule kijijini. Ukurasa wa daftari la shule, maneno manne kwa kalamu ya bluu: Hama kabla ya mvua. Mama hajui kusoma. Alimpelekea jirani yake, Kwandu, amsomee, na Kwandu ndiye aliyenipigia.

Kila mtu wa kwetu anajua karatasi ya namna hiyo huandikiwa nani. Huandikiwa mama mtu mzima, mjane, mwenye macho mekundu, ambaye watu wameanza kumsemea pembeni kwamba ni mchawi. Wapo waliohama. Yupo mmoja ambaye hakuhama, nikiwa darasa la tano, na hali aliyokutwa nayo asubuhi sitaiandika hapa.

Karatasi hiyo nimeileta mimi.

Sikuiandika. Lakini nimeileta mimi, na nisipoyasema hapa nitazidi kujidanganya. Naandika kwa vipande, dakika kumi kisha natoka nje kupumua, kwa sababu mwili wangu na hii kompyuta haviivani tena.

Ndiko yalikoanzia, kwenye mwili. Nina duka la steshenari hapa mjini: naandika barua za maombi ya kazi, risala za harusi, natoa fotokopi, na nina kompyuta mbili za intaneti zenye kichogo kikubwa kama furushi la pamba. Zamani mji huu ulikuwa na simu ya posta na foleni yake. Siku hizi kila kampuni inakuja na mnara wake, na wa tatu umesimikwa nyuma ya ukuta wangu, mwaka jana wakati wa palizi. Tangu hapo sijawa mzima. Uso unawaka kama nimekaa karibu na jiko. Meno ya nyuma yanavuma. Ngozi ya mikono inachomachoma nikigusa kibodi, usingizi hauji, na macho yamekuwa mekundu hata wateja wananiuliza nimelia nini.

Hospitali walinipima malaria, nikameza dawa. Wakanipima presha. Mwisho wakaniandikia miwani. Nikaamua kujitafutia mwenyewe kwenye intaneti, nikakuta kuna watu huko Ulaya wanaosema wanaumwa kama mimi, na wanasema ni umeme na mawimbi ya simu. Madaktari wao wanabishana nao. Wengi wanasema maumivu ni ya kweli ila umeme hauhusiki. Hiyo sehemu ya pili niliisoma haraka haraka. Nilikuwa nimepata jina la ugonjwa wangu, na nililia kwa furaha kama mtu aliyepata ndugu.

Halafu likaja jambo la simu.

Nilianza kugundua kwamba simu ikitaka kuita dukani, mimi nashtuka kabla. Kitu kinanipita mguuni kama sisimizi, kinapanda, na sekunde tano baadaye simu ya mtu inalia. Siku ya kwanza nilishangaa. Siku ya pili nikamwambia mteja, simu yako inakuja, na ikaja. Wakacheka, nami nikacheka. Baada ya wiki watu walikuwa wanaingia dukani kunijaribu tu. Wananunua peni moja, wanaweka simu mezani, wananitazama usoni.

Nilipenda. Wacha niseme ukweli. Mwaka mzima nilikuwa mgonjwa asiyeaminika, na sasa mwili ule ule ulikuwa unatoa ushahidi mbele za watu.

Aliyenivua hayo ni Jilala, fundi simu wa kibanda cha mbele, mtu mpole ambaye hapendi kitu asichokielewa. Aliona spika za kompyuta nimeziweka chini ya meza, zimeegemea goti langu, kwa sababu juu pamejaa makaratasi. Akanieleza kwamba simu ikitaka kuita huwa inawasiliana kwanza na mnara, na spika yoyote iliyo karibu inakwaruza. Na mashine ya fotokopi ikiwa inanguruma hapo pembeni, mteja hasikii kitu. Goti linasikia.

Nilikasirika. Nikamwambia anijaribu. Tukachomoa spika, akaweka simu yake, ameizima sauti, kwenye droo yangu, akaenda kibandani kwake na kuipigia kwa simu nyingine kila alipojisikia, nami niliandika dakika nilizosisimka. Jioni tukalinganisha. Niliandika kwamba inaita wakati haikuita. Ilipoita kweli, nilikuwa nakata karatasi na sikuhisi chochote.

Maumivu hayakuondoka. Hilo ndilo lililonichanganya, kwamba uso uliendelea kuwaka vilevile, mpaka leo. Ila uganga wangu ulikuwa goti na spika.

Ningeweza kulisema siku ile ile. Nilirudisha spika mahali pake, na kwa wiki tatu nikaendelea kutabiri simu za watu. Niliona aibu, na niliona nikikubali kwamba simu sizihisi, basi watasema hata ugonjwa sina.

Jumamosi iliyopita aliingia Mzee Maduhu, karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Ni mtu wa kijijini kwetu, alikuwa rafiki wa marehemu baba, namwita baba. Alikuja kuchapisha tangazo, na watu sita walikuwepo. Kichwa kiliniuma sana siku hiyo. Goti likasisimka. Nikasema, bila kuinua macho:

"Baba, simu yako inakuja. Na si ya heri."

Hayo maneno ya mwisho sijui niliyatoa wapi. Nadhani nilitaka watu wajue naumwa. Ilikuwa ni kunogesha tu.

Simu ikaita. Mwanawe wa kwanza, mchuuzi wa samaki kule Lamadi, gari alilopanda lilikuwa limepinduka. Alikuwa amefariki.

Mzee Maduhu aliishusha simu na kunitazama, akanitazama macho hasa, haya macho yangu mekundu, na nikaona anakumbuka kitu. Kisha akatoka na kuliacha tangazo lake kwenye mashine.

Msiba uko kijijini. Wanaume wanalala nje kwenye moto, siku saba, na watu wakikaa siku saba pamoja lazima wazungumze. Kwandu ananiambia kila kitu kwa sauti ya chini, anatoka mpaka kwenye zizi la ng'ombe ili kunipigia. Wamesema binti wa mjane alikijua kifo kabla ya simu. Wameuliza binti amejifunzia wapi. Na mmoja akajibu kwa kuuliza kama hawajayaona macho ya mama yake.

Macho ya mama yangu ni mekundu kwa sababu amepika miaka arobaini kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba, kwenye jiko lisilo na dirisha. Kwetu miti ya kuni ilikwisha zamani. Kila mama wa pale anajua, na kila mtoto aliyewahi kutumwa kupuliza huo moto anajua. Lakini watu wakishaogopa hawaulizi mtu anapikia nini.

Juzi nilimwomba Kwandu ampe mama simu niongee naye. Nilimwambia, mayu, mama yangu, njoo mjini, nitakutafutia chumba mbali na huu mnara. Nikasikia ndama analia nyuma yake.

"Ng'wanone, mwanangu, nihame niende wapi? Baba yako kalala hapa nyuma ya nyumba. Nikihama ndiyo watasema, mnaona, kakimbia."

Halafu akaniuliza kama macho yangu yamepona. Mama yangu, mwenye karatasi ile ndani ya khanga, ananiuliza mimi habari za macho.

Kesho wanaanua matanga. Nilichopanga ni hiki: niende, na nimenunua redio ya betri, kwa sababu kule hakuna umeme na redio nayo hukwaruza simu ikiwa karibu. Niombe nafasi mbele ya wazee, niweke simu juu ya redio, Jilala anipigie kutoka pembeni, wasikie wenyewe. Niseme kwamba sijui chochote kabla ya mtu yeyote. Niseme nilijua ni spika na nikaendelea kujifanya. Nimwombe Mzee Maduhu msamaha kwa neno lile, mbele ya hao hao waliolisikia. Wakishanicheka, wakisema hata huo ugonjwa wa umeme ni uongo, basi waseme. Nitaumwa kimyakimya.

Jilala amekubali kunipeleka kwa pikipiki yake. Ila leo mchana, akiwa ameshika bisibisi, alisema kitu ambacho hakijanitoka.

"Sasa Minza, wewe unaenda kwa watu wanaokuogopa, umebeba boksi linaloongea kabla ya simu. Unadhani wataona redio?"

Nimeifungua ile redio, nimeifunga, nimeifungua tena. Labda niiache. Labda niende na mdomo wangu tu, nikalale kwa mama, na atakayekuja mlangoni atukute wawili.

Saa kumi na dakika kumi. Nilitoka nje kidogo. Muuza mbegu amesimama sasa, ameingiza kiti, anacheka na wateja. Upepo umegeuka, unaleta harufu ya udongo uliolowa kutoka mbali, kutoka kwetu.

Nilikuwa nimeshaandika sentensi ya mwisho, ya kwamba nitaondoka kesho alfajiri. Nimeifuta. Matone yameanza kugonga bati, makubwa, moja moja.

Nimemwita Jilala, anawasha pikipiki. Redio nimeiacha juu ya meza.

Goti limesisimka sasa hivi. Spika inakwaruza huko chini, na simu yangu iko hapa kando ya kibodi, kimya bado. Kutoka kijijini anayenipigia ni Kwandu tu. Huwa inakwaruza bure wakati mwingine. Wiki hizi zote nilijivunia hizi sekunde tano, na leo ningempa mtu yeyote anayezitaka.