Mianzi ya Efraimu Haigemwi

Ramadhani, Njombe
3 Agosti 1952

Shemeji yangu Hezekia,

Kamwene. Sisi hapa tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imeunguza majani ya viazi hata kule bondeni. Mkeo Dorika hajambo? Mguu wake uliovimba siku za msiba umepona? Mwambie blanketi alilolisahau ninalo, nimelifua.

Nawashukuru kwa yote mliyofanya tulipomzika kaka yako. Watu wananiambia miezi mitatu inatosha, niache kulia. Silii kila siku. Ila jana nilipokuwa namenya viazi nilimkumbuka alivyokuwa akivila na maganda yake. Nikimkemea, ananijibu, "Hata ganda tumelilima, mama."

Nakuandikia kwa jambo jingine. Unaikumbuka chanja yake ya mgongoni, ile ya mianzi aliyokuwa akibebea dawa za Misi Haknesi mpaka Ipelele? Nyepesi kama kuku mtetea, lakini ilibeba madebe mawili bila kulia. Sasa yule Misi ameacha unesi wa misheni, amerudi kwao Uskoti na kufungua duka dogo. Anauza vitu vya watu wanaopanda milima: mahema, sufuria nyembamba, mifuko ya kulalia. Anataka vitu vyepesi tu. Aliandika kumwomba Efraimu amtengenezee chanja. Hakujua kwamba amefariki. Nimemjibu kwamba Efraimu hayupo, lakini mianzi yake ipo, na mikono iliyomshikia kamba miaka kumi na mmoja ipo. Amesema nianze na kumi na mbili.

Nina maneno mawili kwako. La kwanza, posta ya hapa wamelikataa sanduku la chanja, ni refu mno. Wewe hoteli yako iko palepale Makambako malori yanapopakia kwenda Iringa na relini Dodoma. Naomba unipakilie. La pili, masika yajayo mianzi yetu haitagemwa. Chipukizi likishakatwa ncha litoe ulanzi wenu wa kunywa, halikui tena likawa mwanzi wa kazi. Najua wanaume watanuna.

Ni mimi shemeji yako,
Ida


Makambako
19 Agosti 1952

Shemeji Ida,

Kamwene sana. Barua imefika kwa mkono wa dereva, ikiwa na alama ya grisi. Dorika mguu umepona, sasa ni mdomo tu unaomsumbua, na huo ni wa siku zote. Anakusalimu.

Shemeji, niliisoma barua yako hotelini kwa sauti, unisamehe, kwa sababu nilidhani ni salamu tu. Madereva wamecheka hadi chai imewapalia. Mmoja aliniuliza, "Hao Wazungu wanaopanda mlima, wamepoteza ng'ombe?" Nikamwambia hapana. "Wanatafuta kuni?" Nikasema hapana, wanapanda kisha wanashuka. Akasema watu kama hao hata ungewauzia mawe wangenunua. Basi, biashara yako ina wateja.

Lakini neno la pili sikulisoma kwa sauti. Mianzi si ya Efraimu peke yake. Ardhi ni ya ukoo. Nami nilikuwa nimepanga ulanzi wa kichaka kile uje hapa hotelini masika, maana madereva hawaishi kwa chai. Baba mdogo Nikodemo naye amekwisha kuchonga mbeta mpya za mianzi za kukingia. Unajua ni mzee wa kanisa, Jumapili anaukemea ulevi, na Jumatatu yeye ndiye wa kwanza kichakani. Utamfanya mzee mzima akose la kukemea.

Lete sanduku lako nilipakie. Jaribu mara moja ujionee, halafu turudi kwenye akili.

Shemeji yako,
Hezekia


Ramadhani, Njombe
2 Februari 1953

Shemeji Hezekia,

Kamwene. Natumaini mvua hazijawaharibia barabara. Huku mahindi yamefika kiunoni. Nasikia Dorika ana mimba. Mungu ambariki, na asinyanyue ndoo.

Heri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Chanja zote kumi na mbili zimeharibika. Misi Haknesi ameandika kwamba alipofungua sanduku alikuta unga mweupe kama wa muhogo umejaa chini, na kila mwanzi una matundu kama umechomwa sindano. Aliishika moja, ikavunjikia mkononi. Hakunitukana. Ameniuliza tu, mbona ile ya Efraimu ilidumu miaka tisa?

Nilikaa siku tatu na swali hilo. Nilidhani ni mkono wake. Alikuwa akikaza fundo la mwisho kwa meno, nami ninakaza kwa meno vilevile, lakini nilijiambia labda meno yangu si yake. Siku ya nne niliingia jikoni kuchukua ungo, nikatazama juu. Shemeji, kila kitu chetu cha mianzi kinaishi darini juu ya moto. Nyungo, vitenga, hata chanja yake alikuwa akiitundika pale kila aliporudi safari. Sisi huita masizi uchafu. Kumbe moshi ndio unaowafukuza wadudu. Hatukujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na mwanzi usiokaa jikoni.

Na mimi nilifanya nini? Niliona aibu kuwapelekea Wazungu vitu vyenye masizi. Nilizisugua kwa mchanga zikang'aa, nikazilaza chumbani juu ya kitanda chenye shuka nyeupe, nikamkataza hata paka. Niliwalisha wadudu kwa heshima kubwa.

Basi, kosa ni langu. Ila kosa nimelijua. Getruda na Oktavia, wale wajane wenzangu wa hapa jirani, wanasuka nami sasa, na tumetundika chanja kumi na mbili nyingine juu ya majiko matatu. Mwezi ujao zitakuwa nyeusi kama chungu. Nitazituma hivyohivyo.

Na mianzi haijagemwa. Baba mdogo Nikodemo alikuja na mbeta zake mpya. Nikampa mahindi ya kuchoma, akaondoka nazo zikiwa tupu.

Shemeji yako,
Ida


Makambako
15 Februari 1953

Shemeji Ida,

Kamwene. Dorika haambiliki, ananyanyua ndoo mbili. Barabara ni tope tupu, lori moja limelala hapa siku tano, nasi tumeuza maharage mpaka yakaisha.

Nimecheka kuhusu shuka nyeupe, kisha sikucheka. Shemeji, mwaka mzima wa ulanzi umepita bure. Bahari imekula, wadudu wamekula, ukoo haukunywa. Watu wa ukoo kule kwetu Mahongole wananiuliza kama mimi ni mwanamume, mjane wa kaka yangu anaamua nami nampakilia masanduku. Baba mdogo ameitisha kikao. Tutagawana kichaka, utabakiwa na mashina ya kukutosha nyungo zako. Si kwa ubaya. Mwanamke peke yake na biashara ya ng'ambo, hata wanaume wenye maduka hawajaithubutu.

Hilo sanduku la mwisho lete, nitalipakia. Kisha yaishe.

Hezekia


Ramadhani, Njombe
20 Aprili 1953

Shemeji Hezekia,

Kamwene. Mmelalaje? Mtoto wa Dorika anacheza tumboni?

Sanduku lilitoka hapa tarehe sita Machi. Dereva ameniambia alikukabidhi wewe mwenyewe, ukamwandikia na hati. Misi Haknesi ameniletea barua ya ndege: wakala wake wa Dar es Salaam hajaona kitu na meli imeondoka. Pengine lori lilikwama. Niambie lilipokwama.

Ida


Ramadhani, Njombe
11 Mei 1953

Shemeji,

Salamu nimekwisha kukutumia na hukuzijibu, kwa hiyo za leo nitazileta mwenyewe. Nitafika Alhamisi kwa lori la unga. Usiniandalie chakula.

Ida


Makambako
18 Mei 1953

Shemeji Ida,

Kamwene. Sijui kama inakupendeza nikikusalimu, lakini mama alitufundisha hivyo.

Umeniaibisha mbele ya watu. Ungeniita pembeni. Umeingia hotelini wakati wa chakula, umesalimia meza moja baada ya nyingine kama mke wa mchungaji, halafu ukapita moja kwa moja hadi stoo na kulikuta sanduku lako nyuma ya magunia. Ningekubebea. Kwa nini ulilivunja, ukazitoa chanja zote, ukazipachika moja ndani ya nyingine na kuzibeba kumi na mbili mgongoni mpaka kwenye lori la kwenda relini Dodoma? Yule dereva wa ng'ombe waliopotea alisema, "Mama, utaanguka." Ukamjibu, "Hata nikianguka sitasikia uzito, ndiyo maana zinauzwa." Sasa kila lori likisimama hapa wananiuliza habari za shemeji yangu.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa uliondoka bila kuniuliza. Si wazee walioniambia nilifiche. Niliyefanya ni mimi. Siku lilipofika nilinyanyua ubao mmoja nione kama wadudu wamo. Harufu ya jiko la kaka ikanijia usoni. Nilikaa chini pale stoo. Nikafikiri, vitu hivi vikifika salama, mianzi haitarudi kwetu tena, na nitakuwa sina chochote cha kaka. Nikaweka magunia mbele. Kila siku nilisema kesho.

Lakini kikao kipo pale pale, Jumapili tarehe saba Juni, kule Mahongole. Usipofika wataamua bila wewe, nami nimekaa kwenye nafasi ya kaka upande wa wazee, siwezi kukutetea.

Shemeji yako, ukikubali,
Hezekia


Ramadhani, Njombe
29 Mei 1953

Shemeji Hezekia,

Kamwene. Inanipendeza ukinisalimu.

Kwenye kikao sitakuja. Mkiwa mmekaa waambie haya, kwa sauti ile uliyowasomea madereva barua yangu. Mashina ya kichaka kile tuliyachimba Mahongole mimi na Efraimu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Ninyi mlikuwa mnayafyeka, mlitaka pa kupanda mtama. Tulitembea nayo siku mbili mpaka hapa. Yeye alibeba kumi, mimi nilibeba saba na mimba iliyoharibika baadaye. Ardhi ni ya ukoo, sikatai. Ardhi waichukue siku watakaponitoa juu yake. Mianzi ni yangu.

Na kuhusu kutokuwa na kitu cha kaka yako. Ungeniomba. Koti lake la mvua lipo hapa, limekosa kifungo kimoja cha juu, alikuwa akikitafuna akiwaza. Nimelitia katika furushi hili. Halina masharti.

Shemeji yako,
Ida


Ramadhani, Njombe
14 Februari 1954

Shemeji Hezekia,

Kamwene. Mmeamkaje na malezi? Nimesikia mtoto ni wa kike na analia kama honi ya lori. Nitamsukia kitanda cha mianzi, Dorika akitundike juu ya moto kwanza mwezi mmoja ndipo amlaze.

Hujaniandikia tangu kikao. Nimesikia kwa wengine kwamba mlikubaliana kugawana kichaka na kuanza kugema Januari hii. Basi nami nikupe taarifa ya Januari.

Walikuja watu saba asubuhi, baba mdogo Nikodemo mbele, na visu na mbeta. Sisi tulikuwa kichakani, mimi, Getruda na Oktavia, tunapasua mianzi iliyokomaa ya siku za Efraimu. Baba mdogo akasema, "Ida, tupishe tufanye kazi." Nikamwambia, "Kamwene baba. Sisi tuko kazini tayari." Akasema ukoo umeamua. Nikasema nimesikia. Akangoja niseme zaidi. Nikaendelea kupasua. Getruda, unamjua alivyo na mwili, akaenda akakaa chini katikati ya machipukizi makubwa, akanyoosha miguu akaanza kusuka. Kijana wako mmoja wa Mahongole akauliza, "Na huyu naye tunamgema?" Getruda akamjibu, "Jaribu, mwanangu. Utakinga machozi yako." Hata baba mdogo alicheka, na mtu akishacheka kisu hakimkai vizuri mkononi. Walisimama mpaka jua lilipokuwa kali. Kisha akaniuliza kama kuna togwa. Ipo, nikamwambia, na wakanywa wote saba, wakarudi. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Iliyofuata hakuja mtu.

Nilikutafuta kwa macho kati yao mara zote mbili, sikukuona. Sikuulizi kwa nini. Nimeona kwamba kisu hukushika.

Zile kumi na mbili zilifika, hata moja haina tundu. Misi Haknesi anasema wateja wanauliza mbona zina harufu ya moshi, naye anawaambia ndiyo dawa yake, na sasa wanazinusa kabla ya kununua. Anataka thelathini. Tumeongeza jiko la nne, kwa Oktavia.

Machipukizi ya mwaka huu sasa yamepita paa la nyumba, na hayajakatwa ncha hata moja. Sitayakata mwaka huu wala mwakani. Mwanzi wa chanja unataka masika matatu ukomae. Kwa hiyo waambie Mahongole wasisumbuke kunipangia kikao kingine. Miaka mitatu nitakuwa hapa nangoja haya, na yakikomaa yatakuwa yameota mengine, nitayangoja na hayo.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu tu, kama mtu anavyomwarifu nduguye.

Shemeji yako,
Ida