Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Jumatatu, 7 Julai

Madaftari ya kidato cha tatu bado rundo. Ukungu tangu asubuhi. Baba alikuja juzi kutoka Kiambere, na baridi ya huku Karurumo haimpendi. Akipanda kilima kutoka barabarani kifua kinambana. Akikaa kinaachia. Nimenunua mkia wa kondoo buchani, nimeyeyusha mafuta, nimemchanganyia kwenye supu moto. Kwetu ndiyo dawa ya kifua, hata marehemu mama alitunywesha. Amekunywa kikombe chote.

Jumatano, 9 Julai

Nimefundisha chembe nyeupe za damu. Nimechora askari wenye rungu ubaoni. Adui akiingia wanamkimbilia, wanammeza, kazi kwisha. Darasa limecheka. Nimejisikia mwalimu kweli.

Jioni, kikombe kingine kwa Baba. Dada yangu Wanja amepiga simu kutoka nyumbani Kiambere: "Peleka mzee hosi. Kifua gani hiyo inauma tu akitembea?" Nikamwuliza ni nani kati yetu alisoma biolojia. Akaaga, akakata simu. Nilifurahi kumshinda.

Ijumaa, 11 Julai

Baba ameanguka uani. Jasho baridi, mkono wa kushoto mzito. Jirani ametukimbiza hospitali ya Embu kwa pikapu yake.

Si baridi. Ni moyo.

Daktari ameuliza tulikuwa tunampa nini nyumbani. Nimesema chai. Mtu mzima, mwalimu, nimesema chai.

Jumamosi, 12 Julai

Sikulala. Nimemfuata daktari na kumwambia ukweli nikitazama sakafu. Hakunikemea. Heri angenikemea.

Amesema mafuta ya siku chache hayazibi mshipa, hiyo ni kazi ya miaka. Kolesteroli ikizidi kwenye damu hupenya ukuta wa mshipa. Ukuta unachokozeka, unanata, unazinasa chembe nyeupe zinazopita. Zinaingia, zinameza yale mafuta, zinavimba, zinashindwa kutoka. Hapo zinaita nyingine. Mafuta yakizidi, mwito nao unazidi. Uvimbe ukipasuka, damu inaganda na njia inafungika. Kumbe ni askari wangu wale wale wa ubaoni, wamekuja kusaidia wakajaa mlangoni.

"Shida si supu, mwalimu," akasema. "Shida ni hizo siku mmekaa na huo ugonjwa nyumbani."

Hilo ndilo linaloniuma. Mafuta ningeyalaumu. Siku zile ni zangu.

Jumatatu, 14 Julai

Wanja amefika. Hajanilaumu. Ameniletea nguo za kubadilisha na uji. Nimeona haya hata kumshukuru, nikajifanya naongea na nesi.

Jumapili, 27 Julai

Baba ametoka hospitalini. Yuko kwangu, na vidonge vya kushusha kolesteroli atameza maisha yake yote. Leo baada ya ibada watu wa kanisa walikuja kumwona. Wakauliza alipona vipi. Akanionyesha kwa kidole, uso umemng'aa: "Ni hii mafuta ya mwalimu ilinishikilia mpaka hospitali."

Baba hanisifu ovyo. Nilitaka sana kunyamaza.

Lakini Mama Njeru, jirani wa chini, akasogeza kiti. Mzee wake naye anabanwa kifua akipanda kutoka shambani. Akataka kujua nilinunua mkia bucha gani, na vijiko vingapi.

Nikasema yote mbele yao. Kwamba ulikuwa moyo tangu mwanzo. Kwamba Wanja aliona, nami nikamdharau. Kwamba nilimdanganya daktari. Nikamwambia Mama Njeru ampeleke mzee wake Embu, asimpe kitu, asingoje. Mtu mmoja akakohoa. Chai ikabaki vikombeni, wageni wakaaga mapema.

Nimeosha vyombo. Baba ameomba maji ya kumezea dawa, nimempelekea, amemeza. Mama Njeru ametuma ujumbe kwamba wanaondoka alfajiri. Baba hajaniangalia usoni tangu mchana.