Alama Nyeupe za Mlali

Mlali, Kongwa
Ijumaa jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mke wangu na mtoto hawajambo huko Mkuranga? Mimi ni mzima, ingawa vidole vimechubuka. Kwenye simu ningelia, na hapa kambini tunalala wanne chumba kimoja, kwa hiyo barua hii nampa dereva wetu wa lori anayeshuka kesho.

Mama, nilikudanganya. Nilikwambia kazi yangu ya kubeba vyombo vya wapima ardhi ni ya tambarare tupu. Jana mpimaji wetu alitaka bendera isimikwe juu ya kilima cha mawe hapa Mlali, mwamba uliosimama kama ukuta. Nami mwana wa mkwezi wa minazi nikajitia kimbelembele: "Niachieni mimi!"

Sisi tukipita mahali hupaka alama za rangi nyeupe. Nilipoona michirizi myeupe mwambani nikajua wenzetu wamenitangulia, nikaifuata. Loo, mama! Kwenye kimo cha minazi miwili hivi, njia ikaisha. Juu jiwe limenitokezea kifuani, chini sioni pa kurudishia mguu, na vidole vyangu vimeshika ufa mmoja tu.

Mwanamke mmoja wa Kigogo aliyekuwa akichunga mbuzi akapiga kelele, "We kaka, unafuata nini huko?"

"Alama!"

"Alama gani? Huo mkojo wa pimbi!"

Pimbi, mama, ni mnyama mdogo kama sungura anayeishi miambani, na mkojo wake ukikauka huwa mweupe. Nimefuata choo cha wanyama mpaka kwenye kifo changu! Kisha nikaona vidole vinafunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Naviamuru vishike, havisikii. Na nilikuwa sijanywa hata chai.

Yule dada ndiye aliyeniteremsha kwa sauti yake. "Mguu wa kushoto. Shusha. Bado. Bado kidogo. Hapo!" Nilipogusa ardhi nilikaa chini. Akanipa maji, akacheka, akafuata mbuzi wake.

Mama, miaka yote niliamini maneno ya watu kwamba baba alianguka mnazini kwa sababu ya kulewa tembo. Wewe ulisema hakuwa amelewa, mikono yake ilichoka tu, nami nikakuona unamfichia aibu. Ndiyo maana nilikataa mwanangu kupewa jina lake. Sasa najua mikono inavyochoka. Nisamehe, mama. Nimemkosea baba, nimekukosea na wewe.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, mjomba muadhini, na mke wangu, umwambie viatu vya mtoto nimeshanunua. Sherehe ya akika ya mtoto msiisogeze mbele tena kwa kunisubiri mimi na jina. Mwiteni Mbwana.

Ni mimi mwanao,
Hamisi, mtoto wa Mbwana mkwezi