Majani Katika Sanduku la Kura

Mlimani, juu ya Moshi
2 Agosti 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Mama anakohoa kwa baridi ya majira haya. Je, mguu uliochomwa na mkonge umepona?

Baba, nimepata kazi. Bwana Pelham, aliyetumwa kutoka Uingereza kufundisha watu wa makoloni kupiga kura, alitaka msichana wa kuandika na kufasiri, na mwalimu akanitaja mimi. Nilitamani kujificha. Jumamosi mtaa wetu utachagua mzee wa mtaa, wanaume kwa wanawake. Wanaogombea ni Mzee Ebenezeri na Mzee Wenseslaus. Nyuma ya pazia kutakuwa na masanduku mawili, moja la kila mmoja, na kila mtu atatia karatasi yake peke yake. Bwana alisema, "Humo ndani hata Malkia hawezi kukuona." Nikayafasiri hivyo hivyo. Mama ameniuliza mara mbili kama ni kweli.

Kazi ikiisha, ameahidi kuniandikia barua ya kuingia chuo cha ualimu.

Binti yako,
Elinipendo

Tanga
10 Agosti 1953

Binti yangu,

Marahaba. Mguu sasa unakanyaga. Mwambie Mama anywe kitu cha moto.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Mmoja akauliza lini na sisi tutaletewa sanduku tumchague nyapara. Tulicheka mpaka nyapara mwenyewe akaja kuuliza kuna nini.

Kazi hiyo ishike vizuri. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa mwalimu. Nani ameshinda?

Baba yako,
Filemon

Mlimani
16 Agosti 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo sasa, anakusalimu sana.

Watu walipanga mstari kabla jua halijagusa theluji ya Kibo. Mama aliingia nyuma ya pazia akakaa humo muda mrefu, akatoka akitembea taratibu kama mtu aliyetoka kupokea komunyo.

Jioni tulipofungua masanduku, kilichotufikia kwanza ni harufu ya majani mabichi. Yalikuwa majani ya isale, yamekunjwa madogo madogo. Wewe unajua, Baba: anayekuletea isale anakuomba radhi, na huwezi kumkatalia. Karibu kila mtu alimpa karatasi yule aliyemtaka, kisha akatia jani katika sanduku la yule aliyemnyima. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kwa Mzee Ebenezeri kulikuwa na karatasi 143 na majani 58. Kwa Mzee Wenseslaus, karatasi 61 na majani 140. Niliyahesabu mwenyewe.

Basi ameshinda Mzee Ebenezeri, yule aliyekataa malisho yetu kukatiwa setla wa Kizungu. Bwana aliitwa mjini kwa wakubwa wake, akarudi siku ya tatu. Ameandika hati kwamba kura zimeharibiwa na takataka zilizokutwa ndani, na kwamba Mzee Wenseslaus atateuliwa. Inatakiwa sahihi yangu, kwa kuwa niliyehesabu ni mimi. Barua ya chuo iko mezani, chini ya hati hiyo. Nimeomba nafasi hadi Jumamosi. Nifanyeje?

Binti yako,
Elinipendo

Tanga
20 Agosti 1953

Binti yangu,

Tia sahihi. Kura waliileta wao, na wakitaka kuichukua ni yao. Ebenezeri namheshimu, tumechimba naye mfereji tangu ujana, lakini yeye hataniingizia mtoto chuoni. Naandika haya nikiona aibu. Hata hivyo, tia.

Baba yako

Mlimani
20 Septemba 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Barua yako ilifika Jumanne, nami nilikuwa nimeshajibu Jumamosi.

Nilimwambia Bwana Pelham, "Bwana, majani hayakuharibu kura. Yamezihesabu mara ya pili." Akasema kwa upole kwamba ni kweli, ila amri haikutoka kwake. Kisha akaikunja barua ya chuo, akaitia mfukoni. Nilimwonea huruma. Alivuka bahari kutuletea sanduku, na maili chache za kuteremka nalo mjini mbele ya wakubwa wake zikamshinda.

Mzee Wenseslaus ameteuliwa bila sahihi yangu. Watu wote walihudhuria, wakampigia makofi kwa moyo safi, maana hakuna mwenye kinyongo naye. Kesho yake wakapeleka mashauri yao uani kwa Mzee Ebenezeri.

Mzee ameniomba niwe naandika mashauri hayo, katika kurasa zilizobaki za daftari langu la shule. Uani humo nasikia wanawake wakisema mbele za wanaume, na Mama ni mmoja wao. Mara nyingine kalamu inasimama yenyewe.

Jana alikuja Mzee Wenseslaus, na kofia ya Serikali kwapani. Jirani yake amemgeuzia maji ya mfereji, naye anataka shauri lake lisikilizwe. Niliandika jina lake, likawa la tatu katika orodha, nikamwambia asubiri zamu yake.

Akavuta kigoda, akasubiri.

Binti yako,
Elinipendo